Viti vya Mama Koku

Ko-ko. Ko-ko. Ko-ko.

Ndugu zangu, nimeanza na mlio huo kabla ya salamu kwa sababu hadi leo nikiusikia moyo wangu unaruka. Ni mlio wa miguu ya viti viwili ikigongana juu ya kichwa changu, nikipita katikati ya migomba kutoka kwa jirani kwenda kwetu. Kiti kimoja kimepinduliwa juu ya kingine. Nikivifikisha hivyo, narudi kuchukua viwili vingine. Ko-ko, ko-ko, njia nzima. Sasa mniruhusu niwasalimu.

Mukama asiimwe! Jina la Bwana lipewe shukrani kila nyumba, yenye viti na isiyo na viti!

Mimi naitwa Editha, binti wa Kyerwa, upande wa Kimuli. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkikuta mahali nimekosea nisahihisheni kwa upendo. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikisimama kanisani kusimulia habari hii nalia kabla sijafika katikati, watu wanaanza kunipangusa na vitenge, na mwisho hawausikii. Na mwisho ndio mtamu, ndugu zangu!

Nyumbani tulikuwa watatu: mama yangu, mimi na Pendo. Pendo ni mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alituachia mtoto akiwa na miezi minne, mama akamfunga mgongoni na kusema, "Huyu sasa ni kitinda mimba wangu," na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mjukuu. Baba alikuwa ametangulia zamani. Tulikuwa na kishamba cha migomba, mibuni michache, na mama alikuwa anafanya kibarua kwenye mashamba ya watu. Hatukuwa watu wa kuonewa wivu, lakini sufuria yetu haikukosa ndizi.

Kisha ukaja mnyauko. Wakulima wenzangu mnaujua ugonjwa ule. Majani yanageuka njano, mkungu unaiva kabla ya siku zake, ukikata ndizi ndani imeoza. Bwana shamba akasema mgomba wenye ugonjwa ukatwe na kung'olewa kabla haujaambukiza mwingine. Tukakata. Shamba likabaki kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Na siku ile ile, mkono wa mama ukiwa umechoka, panga likateleza likampata mguuni. Kidonda kile kilikataa kupona. Kikifunga juu, chini kinatunga usaha. Basi migomba hakuna na kibarua hakuna.

Sasa niwaambie habari ya mama yangu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa. Mama ni mtu wa heshima. Kwetu mgeni hafiki nyumbani akasimama kama mtu anayesubiri gari. Unatandaza nyasi mbichi sakafuni, unamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, unapiga goti unamsalimu. Na akiwa mtu wa ofisi, lazima kiti. Mama alikuwa tayari kulala njaa siku tatu kuliko mtu wa serikali au mtu wa Mungu akae chini kwake. Lakini viti hatukuwa navyo. Vile viwili vya baba viliondoka wakati tunamuuguza dada.

Kwa hiyo kila ikisikika kwamba mtu wa ofisi anapita kuangalia familia zenye shida, mama ananiambia, "Editha, mwana wange, nenda kwa Mama Koku."

Mama Koku ni jirani yetu. Ana viti vinne vya mbao vilivyopakwa vanishi, vina mito ya kitambaa chekundu, kimoja mguu wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ni mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa. Nikifika tu, hata sijapiga hodi, anasema, "Haya, wachukue wabunge wako. Viti vyangu hivi vimekaa mikutano mingi kuliko mwenyekiti wa kijiji. Uchaguzi ujao navigombesha!" Siku nyingine anaongeza na redio. Siku moja alituazima hata godoro lililoviringishwa, tukaliweka pale linapoonekana.

Viti vikiwa vizito, njiani nilikuwa navitua nipumzike, miguu yake inashika tope. Kazi yangu ya mwisho kabla mgeni hajafika ilikuwa kuchana jani la mgomba na kufuta lile tope. Mama alikuwa mkali hapo. "Futa vizuri. Kiti cha nyumbani hakina tope la njiani."

Ndugu zangu, mimi sikuona kosa. Niliona adabu!

Wakaja. Lakini walikuja mmoja mmoja, kila mtu na wiki yake. Alikuja mtendaji wa kijiji, akakaa kwenye kiti, akatafuna kahawa, akauliza, "Mama, hali ikoje?" Mama akasema, "Tunamshukuru Mungu, tunaendelea." Akaandika. Mwezi mwingine akaja dada wa ustawi wa jamii kutoka wilayani, binti wa Muleba mwenye sauti ya upole. Akakaa kiti kile kile. Hali ikoje? Tunaendelea. Akaandika. Kisha mwinjilisti wetu na wazee wa kanisa. Wakakalia vyote vinne. Tunaendelea. Wakaomba nasi sala nzuri sana, nao wakaandika.

Na kila mmoja alitaka kuacha kitu, kwa hiyo kila mmoja akatuachia blanketi. Mnacheka? Sisi pia tulicheka. Kipindi kimoja tulikuwa na blanketi tatu mpya na hatukuwa na punje ya maharage. Mama alizipanga akaziangalia, akaniambia, "Editha, leo tunapika lipi? Hili la bluu au hili la mistari?"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini Pendo hakucheka.

Pendo alikuwa na miaka miwili na alikuwa hatembei. Miguu ilianza kuvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nywele zikawa nyepesi na nyekundu kama ndevu za mahindi. Lakini kilichonitisha ni kwamba aliacha kulia. Mtoto anayelia bado anadai kitu, ndugu zangu. Pendo aliacha kudai. Siku za kliniki, pale gari la mkoba linapokuja kupima watoto chini ya mti wa shule, nesi alimwambia mama ampe maziwa, mayai, maharage, karanga kwenye uji. Mama akaitikia, "Ndiyo nesi, nitampa." Angempa nini? Lakini aliitikia hivyo mara tatu, na nesi akaandika mara tatu.

Asubuhi moja Pendo hakuamka. Alikuwa anapumua lakini haamki. Nilimwita, nikamtikisa, nikamwagia maji usoni, kichwa kinaanguka upande. Kijana mmoja wa kwaya yetu mwenye bodaboda akatubeba, mama, mimi na mtoto, hadi hospitali upande wa Karagwe. Njia nzima mama alikuwa anasema neno moja tu la kusihi, "Waitu, waitu, waitu," sijui alikuwa anamwambia Mungu au dereva.

Wakampokea haraka, Mungu awabariki. Wakamwekea mpira puani na dripu. Yule nesi wa mkoba ndiye alikuwa zamu wodini. Pendo alipotulia akamgeukia mama na kadi mkononi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuona jambo moja linajirudia.

"Mama, ushauri tulikupa mara tatu. Na nimempigia mtendaji wenu sasa hivi. Anasema kwenu mnajiweza, mna viti vizuri, mna hadi redio. Sasa mtoto ananyimwa chakula kwa nini?"

Mama aliangalia chini. Alivuta kitenge akafunika mguu wake wenye kidonda, hata hapo hospitalini! Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Mimi nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka:

"Nesi, vile viti si vyetu. Redio si yetu. Godoro si letu. Ni vya Mama Koku vyote, mimi ndiye nilivibeba!"

Mama akaniangalia kama hanijui. Akasema polepole, "Editha. Umenivua nguo mbele za watu."

Hakusema nami siku mbili. Nilikuwa nampelekea uji, anapokea, anasema asante kwa Mungu, si kwangu.

Yule nesi aliniita nje, pale kwenye kamba za kuanikia nguo za wagonjwa. Hakuwa na ukali tena. Akasema, "Pendo atainuka. Tukienda hivi, wiki ijayo Alhamisi nitamruhusu. Lakini sikiliza, mdogo wangu. Nikimrudisha kwenye nyumba ile ile, mtamleta tena. Na mara ya pili watoto hawa..." Akaanza kuondoa shuka kwenye kamba, na mimi nikabaki na ile sentensi isiyo na mwisho.

Ndugu zangu, nilipiga magoti pale pale kwenye nyasi zenye maji ya sabuni! Nilisema, Bwana, mimi sina elimu, sina cheo, nina miguu tu. Unionyeshe pa kuipeleka kabla ya Alhamisi.

Nikatembea. Nilikwenda kwa mtendaji. Nikasema shikamoo, nikaeleza. Akasikiliza vizuri, kisha akasema, "Mwanangu, hilo ni la ustawi. Lete barua yao, mimi nitawaingiza kwenye orodha." Nikadandia pikipiki hadi wilayani. Dada wa ustawi akasema, "Pole sana. Naanza na barua ya mtendaji wako, ndiyo utaratibu." Nikarudi, nikaenda kwa mwinjilisti. Akasema, "Mfuko wa kanisa unasaidia wale ambao kijiji kimethibitisha. Mtendaji akiandika tu, Editha, siku hiyo hiyo maharage yanakuja." Nami najua hakuna aliyekuwa mbaya kati yao. Kila mmoja alinipa maji ya kunywa. Kila mmoja alinipa pole ya kweli.

Siku ya Jumatatu nilikuwa nimekaa kando ya barabara ya vumbi, miguu imevimba nusu ya miguu ya Pendo, nikaanza kucheka peke yangu. Mama mmoja aliyepita na ndoo akanikwepa akidhani nina wazimu. Nilicheka kwa sababu niliona kitu. Watu hawa wote wameshakaa nyumbani kwetu! Wamekalia kiti kimoja! Lakini hawajawahi kukaa pamoja, siku moja. Na mimi nazunguka nikibeba barua ambazo hazijaandikwa, kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kama nilivyobeba viti. Nikasikia moyoni mwangu, wazi kabisa: acha kubeba barua, walete watu.

Lakini mtu wa ofisi unamletaje nyumbani? Ukimwita kwenye mkutano atauliza posho, atauliza ajenda, atasema ana mkutano mwingine. Ila huku kwetu kuna kitu kimoja ambacho hakuna mtu mwenye haya anakikataa: kualikwa nyumbani kumpokea mgonjwa aliyetoka hospitali, mkamshukuru Mungu na kutafuna kahawa pamoja. Usipokwenda, kijiji kitakuzungumza mwaka mzima.

Nikachana karatasi za daftari langu la zamani la Jiografia. Nikaandika kadi kwa mkono, na pembeni nikachora ua, kwa sababu kadi bila ua ni kama samansi. "Unaalikwa kumpokea Pendo Alhamisi saa nane mchana. Watakuwepo mtendaji, dada wa ustawi, mwinjilisti na nesi. Tafadhali njoo na daftari lako." Nesi aliisoma, akaikunja akaitia mfukoni. "Alhamisi gari la mkoba linapita Kimuli," akasema. "Nitawaleta mwenyewe." Mtendaji aliuliza jambo moja tu: "Na kahawa itakuwepo?"

"Itakuwepo, baba."

"Basi nipo."

Alhamisi nilikata nyasi tangu umande haujakauka, nikatandaza nyumba nzima, zikanukia vizuri mpaka nikasahau njaa. Kahawa nilipewa na Mama Koku. Nilimweleza mpango wangu wote, akashika mdomo. "Mtoto wewe! Mama yako atanichinja." Lakini akakubali.

Gari la mkoba likafika. Mama akashuka na Pendo mgongoni, macho ya Pendo yakiwa wazi, yanaangalia kila kitu! Mama akaingia ndani, akaona nyasi, akaona kikapu cha kahawa. Akageuka.

"Viti viko wapi?"

"Sijaazima, mama."

"Wageni wako njiani, naona pikipiki ya mtendaji kule! Kimbia kwa Mama Koku!"

"Mama, siendi."

Ndugu zangu, sikuwahi kumwambia mama yangu neno hilo tangu kuzaliwa. Alimkabidhi nesi mtoto, akatoka nje, akaanza kwenda mwenyewe kwa Mama Koku, na mguu ule, anachechemea katikati ya visiki vya migomba tuliyoikata. Alikuwa anakwenda kubeba viti kichwani kwa mguu mmoja!

Nilimkimbilia nikapiga goti mbele yake kwenye njia. Nikasema, "Mama, nipige ukitaka. Nitakuazimia viti maisha yangu yote, lakini si leo. Leo waone."

Akasimama. Na hapo Mama Koku akatokeza kwenye kona ya njia, mikono mitupu, kanga begani.

"Mama Editha, usijisumbue. Viti vyangu leo vinaumwa, vimelala."

"Na wewe pia?" mama akasema.

"Na mimi pia. Nimechoka kukuazima viti wakati mtoto anaisha. Turudi, dada yangu. Nitakaa na wewe."

Wakarudi wameshikana mikono. Wakakuta mtendaji amesimama mlangoni, anaangalia ndani, anazungusha kofia yake. Nyuma yake dada wa ustawi na mwinjilisti. Mtendaji ni mtu mnene, na kwa tabia yake husema analoliona.

"Kumbe mmehama? Mara ya mwisho nilikaa hapa kwenye kiti kizuri chenye mto mwekundu."

"Na mimi nakikumbuka," akasema dada wa ustawi.

"Kilikuwa kinayumba kidogo," akasema mwinjilisti.

Nilimwangalia mama. Niliomba ardhi ipasuke, kisha nikaomba isipasuke. Mama Koku akakohoa akasema, "Kinayumba kwa sababu mguu nimeufunga mpira wa baiskeli. Ni changu, mtendaji. Na redio ni yangu. Na godoro ulilolisifia ni langu pia, nililala chini siku ile."

Walitazamana, ndugu zangu. Watu wanne wenye madaftari manne. Nesi ndiye aliyevua viatu kwanza, akaingia, akakaa kwenye nyasi na Pendo mapajani. Dada wa ustawi akafuata. Mwinjilisti akafuata. Mtendaji akainama kwa shida, akavua kiatu, na soksi yake ilikuwa imetoboka, kidole gumba kizima kiko nje kinachungulia! Alijaribu kukificha kwenye nyasi. Mama akakiona. Na mama yangu, ambaye alikuwa hajatabasamu tangu wodini, alianza kucheka. Alijizuia kwa kitenge, hakuweza. Mtendaji akaangalia kidole chake, naye akacheka. "Basi leo tumeonana wote," akasema.

Dada wa ustawi akafungua daftari lake akasoma kwa sauti ndogo: "Viti vinne, wanajiweza." Mtendaji akafungua lake. Viti vinne. Mwinjilisti akafunga lake bila kusoma. Nesi akasema, "Mimi niliandika mama hafuati ushauri."

Kisha dada wa ustawi akamgeukia mama, akamshika goti. "Mama, kwa nini hukutuambia?"

Mama akasema maneno ambayo nayaweka moyoni mpaka nife. "Sikuwadanganya, mwanangu. Nilitaka mkae."

Hapo ndipo mwinjilisti alipoinamisha kichwa. Nesi alipangusa macho kwa nywele za Pendo.

Na mama akafunua mguu. Mwenyewe, bila kuambiwa! Akafunua na chungu, kilikuwa na maji na majani ya maharage niliyochuma kwa jirani. Akasema, "Karibuni kwangu." Ndugu zangu, mimi nimeona mapepo yakitoka kwa kelele kwenye mikutano. Siku ile niliona aibu ikitoka bila kelele, kupitia mlango wetu, na haijarudi! Lihimidiwe jina la Bwana!

Sikuandika haya ili mdhani kila kitu kilikwisha siku hiyo. Walizungumza pale kwenye nyasi hadi kahawa ikaisha. Ilionekana kwamba msaada ulikuwepo, umegawanyika vipande, na kila kipande kinamsubiri mwenzake aanze. Wakaamua daftari liwe moja, likae kwa dada wa ustawi, na kila mtu aandike humo alichokiona na alichokifanya, mwenzake asome kabla hajaja. Mtendaji aliandika jina la mama kwenye orodha ya kaya maskini akiwa amekaa chini, kalamu juu ya goti. Nesi alipanga kidonda kisafishwe kila gari la mkoba likipita. Mwinjilisti alileta maharage, na vijana wa kanisa wakaja kuchimba mashimo. Bwana shamba akaja na machipukizi safi ya migomba yasiyo na ugonjwa. Wakaanzisha na kundi lao kwenye simu, wakaliita Nyasi.

Mwezi wa pili mtendaji hakuja. Nikamfuata ofisini na kadi nyingine yenye ua. Mwezi wa tatu maharage yalichelewa, tukaogopa, nikaenda kwa mwinjilisti nikakaa mlangoni kwake mpaka akasema, "Editha, wewe ni kama mkaguzi." Nikasema ndiyo! Kidonda cha mama kilichukua muda mrefu kuliko tulivyotegemea, na hata leo baridi ikizidi anakihisi. Lakini anashika jembe. Migomba mipya imenipita urefu. Na Pendo, ndugu zangu, Pendo anakimbia! Analia hovyo, anadai kila kitu, anapiga kelele mpaka Mama Koku anauliza kama tunaweza kumrudisha alivyokuwa. Nikisikia analia namshukuru Mungu.

Sasa wananituma mimi. Nikisikia kuna familia inasumbuka, Kimuli hadi kule Isingiro, nakwenda kwanza, kisha napeleka kadi kwa wote wanne, waje siku moja. Hakuna mshahara, lakini nina ndoto. Nataka nirudie mitihani, nisome ustawi wa jamii, na siku moja niwe na ofisi yenye sakafu ya nyasi. Mnaweza kucheka. Mama anacheka pia, lakini ameshaniambia nyasi atakata yeye.

Kwenu mnaofanya kazi maofisini, mnaotoka nyumba kwa nyumba na kalamu, nawasihi kwa upendo: nendeni pamoja, na mkifika kaeni chini. Na wewe ndugu yangu unayesoma ukiwa umeazima kitu ili watu wasijue, mwamini Mungu aliyeijua nyumba yako kabla hujaifagia. Haoni haya kwako. Fungua mlango. Mimi nilidhani mama atakufa kwa aibu, na badala yake Pendo aliishi.

Jumanne iliyopita nilikwenda Isingiro peke yangu, kwa familia moja ya vibarua ambayo wazee wao walitokea upande wa Burundi. Mama wa nyumba alinipokea kwa vigelegele, akaniletea kiti, kiti kizuri chenye vanishi, ndani ya nyumba isiyo na meza wala kitanda. Nilikiangalia miguuni. Kilikuwa na tope bichi la njiani. Nikamwangalia binti yake aliyesimama mlangoni, shingo imechoka, hajapata muda wa kufuta.

Wakatoka wote wawili nyuma ya nyumba kutafuta kahawa. Nikabaki peke yangu. Nikachana kipande cha jani la mgomba uliokuwa mlangoni, nikafuta lile tope mguu kwa mguu, nikakiegemeza kiti ukutani taratibu kisitoe mlio. Kisha nikavua viatu, nikakaa kwenye nyasi walizotandaza, nikawasubiri.